Asante, Nimeshiba

Waya ulikuwa umeshapita dirishani, na ncha yake imeshachomekwa kwenye soketi ya sebuleni, Damari Chidumizi aliposikia Karani akikohoa.

Mashine kukohoa, jamani! Lakini ndivyo walivyomtengeneza huko Wakala wa Paa: kabla ya kusema jambo baya akohoe kwanza, kama mtu mzima anayeingia uani kwa watu. Hakuwa na koo wala kifua. Alikuwa kisanduku cheupe kilichobanwa ukutani kati ya jiko na sebule, na kazi yake ilikuwa kugawa umeme wa jua ndani ya nyumba ile.

"Ndugu Mkuu wa Kaya," akasema, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha mtangazaji wa redio, "soketi ya sebuleni imeunganishwa na kifaa kilichopo nje ya kaya. Naizima."

Taa ndogo ya soketi ikafa. Upande wa pili wa ukuta, chumbani kwa mpangaji, mashine ya oksijeni ya bibi mgonjwa ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kunguruma vizuri. Ikanyamaza kidogo, halafu ikarudia kulia vilevile ilivyolia tangu asubuhi: pii, pii, pii.

"Washa!"

"Siwezi. Umeme wa ruzuku hapewi mpangaji. Hili ni onyo. Ukirudia, nitaripoti Wakala, na paneli zitashushwa."

"Shetani mkubwa wewe!"

"Nimesikia," Karani akajibu, wala hakuwa na kinyongo.

Damari akauvuta waya ndani kwa hasira, akaukunja ovyo, akautupa kwenye kiti. Akauokota tena. Akasimama nao mkononi katikati ya sebule, hajui auweke wapi. Tangu alfajiri hakuwa amekaa kitako. Ugali wa mchana ulikuwa bado mezani umefunikwa kwa sahani, na bakuli la mlenda pembeni yake, hajaonja hata tonge.

Nje, mtaa mzima wa Ntyuka ulikuwa umezama katika vumbi. Upepo ulianza juzi, ukaikwangua nchi yote ya Ugogo na kuimwaga juu ya Dodoma, na sasa ilikuwa saa nane mchana lakini kuku walikuwa wanatafuta pa kulala. Asubuhi Damari alipanda ngazi akafuta paneli kwa kitambaa kibichi. Kabla hajaikunja ngazi, zimekuwa nyekundu tena. Gridi ya taifa ilijizima yenyewe jana jioni ili isiungue, ikatangaza hali ya uhaba, na kila nyumba ikabaki na kile kilichomo ndani ya betri yake. Hamadi kibindoni. Mwenye betri ana taa, asiye nayo ana kiza.

Damari alikuwa nayo. Ilisimama koridoni, kimo cha friji, imejaa zaidi ya nusu.

* * *

Watu wa Wakala walipopita mtaani na mpango wao, hakuna mwenye nyumba aliyefikiri mara mbili. Paneli bure, na zifungwe kuelekea kaskazini, maana kwa sisi wa kusini ya Ikweta huko ndiko jua linakoegemea sehemu kubwa ya mwaka. Inveta bure, ya kuugeuza umeme wa paneli uwe huu wa kuendesha pasi na jokofu. Betri bure. Kodi ya jengo imesamehewa. Na umeme unaozidi matumizi unaingia gridi, mita inahesabu, mwisho wa mwezi simu inalia na pesa imeingia. Nani akatae? Pesa hizo ndizo zilizokuwa zinamsomesha Nyemo, binti pekee wa Damari, chuoni Morogoro. Na kodi ya chumba cha mpangaji ndiyo iliyokuwa inanunua unga. Mumewe alipofariki hakumwachia kingine zaidi ya kuta na paa.

Sharti lilikuwa moja: umeme wa ruzuku ni wa kaya. Zamani, mpango ulipoanza, wenye nyumba walipewa jua bure wakawauzia wapangaji kwa bei ya kuwakamua. Ndipo sheria ikatungwa, na Damari mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa bado mpangaji kwa watu, aliipigia makofi mkutanoni mpaka viganja vikamwasha. Siku za kawaida mpangaji ananunua umeme wake gridini. Siku za uhaba betri inalisha kaya, basi. Na kaya ni nini? Makarani wa sensa wamekuwa wakituuliza tangu enzi na enzi: ni watu wanaokula chungu kimoja. Kwa hiyo yule Karani wa ukutani alipewa masikio, na masikio yakategeshwa jikoni.

"Hodi, Mama Nyemo."

"Karibu, mwanangu. Pita, vumbi lisikuue."

Alikuwa Tusajigwe, huyo mpangaji. Mnyakyusa wa Tukuyu, fundi cherehani, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini ambaye hata leo alikumbuka kuvua viatu mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa vumbi tu.

"Umeona ilivyozima?" akauliza.

"Nimeona. Kile kidudu kimetugundua. Bibi je?"

"Anavuta kwa shida. Mashine ina kibetri chake cha ndani cha kuvukia umeme ukikatika, lakini imeanza kuwaka nyekundu. Haifiki magharibi." Akaonyesha simu mkononi. "Nimepiga simu hospitali. Wanasema magari yamekwama, madereva hawaoni barabara. Wanasema tumwinue, tumpepee."

"Tumpepee! Mtu wa mapafu, tumpepee vumbi?"

Damari akageukia ukuta.

"Wee Karani! Andika sasa hivi. Tusajigwe na mama yake, Bibi Anyosisye, ni watu wa kaya yangu. Tunakula chungu kimoja. Haya, fungua umeme chumbani kwao."

Karani akakohoa.

"Ndugu Mkuu wa Kaya, maelezo yako hayalingani na kumbukumbu. Naomba msikilize."

Na pale ukutani ikatoka sauti ya Damari mwenyewe, nyuma yake kijiko kinagonga sahani: *Karibu chakula.* Ikafuata sauti ya Tusa, ya chini, ya heshima: *Asante, nimeshiba.* Kisha siku nyingine, redio inaimba kwa mbali: *Karibu tule, Tusa.* *Asante Mama Nyemo, ndiyo kwanza nimetoka kula.* Kisha nyingine, mvua inapiga bati. *Karibu.* *Asante, nimeshiba.* Nyingine, na nyingine tena. Wanawake wawili wakasimama wakijisikiliza, kila mmoja akiangalia sakafu.

"Zima," Damari akasema.

"Amekaribishwa tangu alipohamia, na kila mara amekataa. Asiyekula chungu hiki si wa kaya hii."

"Ile ni adabu, we mjinga! Mtu akikaribishwa anakataa. Ndivyo tulivyolelewa. Hata utumbo uwe unaunguruma, anasema ameshiba!"

"Nimeelewa. Basi mwenye chakula hujuaje kwamba mtu ana njaa?"

"Anamsihi. Anamwambia mara ya pili, ya tatu. Anamshika mkono, anamkalisha."

Karani akaingia kwenye kumbukumbu zake. Alikuwa anatafuta, masikini, tena kwa nia njema kabisa.

"Sina kumbukumbu ya mara ya pili," akasema.

Damari aliona haya ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Alitamani upepo ung'oe bati limfunike. Kwa sababu ilikuwa kweli. Kila alipotamka karibu, mkono wake mwingine ulikuwa unavuta bakuli karibu na tumbo, na moyo unasema, tafadhali kataa. Na Tusa, mtoto wa watu, alikuwa anasikia vyote viwili, kinachosemwa na kisichosemwa.

Pii, pii, pii, ukuta ukasema.

* * *

"Kaya inaweza kuongezwa wakati wa uhaba," Karani akaendelea, bila kuulizwa. "Masharti: anayeongezwa hatozwi kodi ya pango, maana kumtoza ni kumuuzia jua kwa jina lingine. Anakula chungu kimoja na kaya. Na sauti zenu zithibitishe. Ingizo halifutwi mpaka sensa ijayo."

"Sensa ijayo lini?"

"Miaka kumi."

"Miaka kumi!" Damari akashika kichwa. "Miaka kumi bila kodi? Nile nini, mchanga?"

Akafungua mlango wa nyuma akatoka. Upepo ukampiga usoni kama khanga mbichi. Akazunguka ua, akapita kwenye kamba ya nguo, akarudi, akapita tena. Alikanyaga ndoo, akaipiga teke. Chumba kile kilikuwa unga wake, mafuta yake, dawa yake ya presha. Pesa za jua hazigusiki, zikiguswa Nyemo anarudi nyumbani. Angeweza kumdanganya Karani, aseme hatozi halafu apokee kimyakimya? Simu yake ilikuwa imeunganishwa na Karani tangu siku ya mkataba, hata akinunua vitunguu anajua. Na pesa taslimu siku hizi unamwona nayo nani?

Na hapo, kati ya ndoo na kamba ya nguo, likamjia wazo ambalo hakuliita. Lilikuja laini kabisa. Bibi ni mzee. Anaumwa siku nyingi. Likitokea la kutokea leo, ni vumbi, ni kazi ya Mungu, hakuna atakayemnyooshea kidole mwenye nyumba aliyefuata sheria. Tusa atarudi kwao kuzika. Chumba kitabaki pale pale, tena akikipaka rangi kitapanda bei.

Damari akasimama. Akatema mate, yakatoka mekundu kwa udongo.

"Mungu wangu," akasema kwa sauti. "Ni mimi huyu?"

Aliogopa. Vumbi hakuliogopa kama alivyojiogopa mwenyewe, kwa sababu lile wazo halikuondoka. Lilisogea pembeni tu likakaa, likimngoja aamue. Akaona kwamba akizunguka ua mara moja zaidi atakuwa ameshaamua, bila hata kufungua mdomo. Akarudi ndani mbio, kandambili moja ikabaki nje.

"Simtozi," akamwambia ukuta. "Andika."

"Rudia kwa kauli kamili."

"Mimi Damari Chidumizi simtozi kodi Tusajigwe wala mama yake. Kuanzia leo. Umeridhika?"

Tusa alikuwa bado amesimama palepale mlangoni, miguu mitupu. "Mama Nyemo, usifanye hivyo. Utaishije?"

"Nitaishije nitajua mimi. Mama yako ataishije ndilo swali." Akaufunua ugali. Ulikuwa umepoa, umeota ngozi juu. Akavuta kiti. "Karibu chakula, Tusa."

"Asante, nimeshi..."

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Mazoea ni kitu kibaya! Mama anakata roho nyuma ya ukuta na ulimi bado unatoa heshima. Wakatazamana. Halafu Tusa akashusha mkono, akauliza polepole, bila ubaya, kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Mama Nyemo, unanikaribisha, au unanisalimia?"

Lile swali lilimwingia Damari mpaka kwenye mifupa. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

"Miaka yote hii nilikuwa nakusalimia," akasema. "Leo nakukaribisha." Akamshika kifundo cha mkono, akamvuta, akamkalisha. Akamletea maji ya kunawa, akammiminia.

Tusa akakata tonge, akalichovya kwenye mlenda, akala. Akakata lingine. Alikuwa anatafuna na machozi yanashuka, na Damari naye anakula upande wake haraka haraka, kama watu wanaoshindana. Wote wawili masikio yako ukutani. Pii, pii. Sasa ilikuwa inalia kwa kuchelewachelewa.

"Haya, Karani, anakula! Fungua!"

"Nasikia anakula. Mgeni naye hula."

"Sasa unataka nini tena?"

"Sauti. Nimefundishwa kwa sauti za maelfu ya nyumba wakati wa kula. Watu wa chungu kimoja huzungumza namna yao. Ninyi bado hamjazungumza hivyo."

Tusa akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, akajitahidi. "Chakula kitamu sana, Mama Nyemo. Mungu akuzidishie."

"Hivyo husema wageni," Karani akasema.

"Ugali umeiva vizuri. Nashukuru sana kwa..."

"Hivyo pia."

"Tusa!" Damari akapiga meza, bakuli likaruka. "Mama yako anaishiwa pumzi na wewe unanipamba! Acha kunipamba! Sema kitu cha kweli hata kimoja!"

"Una chumvi!" Tusa akafoka.

"Nini?"

"Mlenda wako una chumvi! Kila siku nakuona dirishani ukiumwagia chumvi, mtu mwenye presha anakula chumvi kama ng'ombe! Na ulinipandishia kodi mwezi uleule mama alipotoka hospitali. Ukaniambia vitu vimepanda bei. Vitu gani? Jua nalo lilipanda bei? Nilishona usiku na mchana, Mama Nyemo, nikipita mlangoni kwako nasikia vijiko, unaniambia karibu bila hata kugeuza shingo! Nilikuwa na njaa! Siku zote zile nilikuwa na njaa!"

"Na mimi ningejuaje kama husemi?" Damari naye alikuwa amesimama, anapiga kelele. "Mdomo ungevunjika? Unajifanya malaika! Unajifungia humo na kiburi chako cha Tukuyu, unaniacha nakula peke yangu kama mchawi! Unadhani mimi napenda kula peke yangu?"

"Ungenivuta mkono!"

"Ungegonga mlango!"

Hakuna aliyesikia Karani akikohoa. Walichosikia ni ule ukimya. Pii imekoma. Wote wawili wakaganda, midomo wazi, Tusa ameshika tonge hewani, na kwa muda ambao Damari hataki kuukumbuka walidhani wamechelewa.

Halafu nyuma ya ukuta mashine ikaanza kunguruma. Ilipanda taratibu, ikatulia kwenye sauti yake ya kawaida, na kupitia dirishani wakaona mstari wa mwanga umejichora chini ya mlango wa chumba cha Tusa.

"Kaya imeongezeka," Karani akasema. "Watu wawili."

Tusa alitoka bila viatu. Damari akabaki ameegemea meza kwa mikono miwili, masikio yanamwaka kwa yale aliyoambiwa. Yalimuuma. Yalimuuma kwa sababu yalikuwa ya kweli, na yaliyosemwa hayarudi kinywani. Kupitia ukutani akasikia Tusa akiongea Kinyakyusa, haraka, huku analia, kisha sauti nyembamba ya bibi ikijibu neno moja, kisha mawili. Upepo ulikuwa haujapungua hata kidogo. Miaka kumi. Akajaribu kupiga hesabu ya unga, ikamshinda, akaiacha.

Tusa aliporudi alisimama mlangoni, aibu imemjaa, mikono hajui aiweke wapi.

"Anapumua. Rangi inamrudia. Ameuliza ni nani waliokuwa wanagombana." Akainamisha kichwa. "Mama Nyemo, yale niliyosema..."

"Yalikuwa ya kweli?"

Tusa akainua kichwa. "Ndiyo."

"Yameisha?"

Tusa akatikisa kichwa.

"Bado yapo," akasema. "Yapo mengi."

Damari akavuta kiti kwa mguu, akalisogeza bakuli la mlenda katikati ya meza.

"Basi kaa umalize kula kwanza," akasema, "halafu useme yote."